Siku kati ya mkataba na ufunguo

Tangu Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, Bariadi, makao makuu yake, imepokea watumishi, wafanyabiashara na wakulima wa pamba wanaotafuta nyumba mjini. Wengi hudhani wakishasaini mkataba wa mauziano, nyumba ni yao.

Sivyo.

Kwa nyumba yenye hatimiliki, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba uwe wa maandishi ndipo uweze kutetewa mahakamani. Lakini umiliki huhama kwa msajili, baada ya uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji, ushuru wa stempu na maombi ya uhamisho. Kila hatua ina foleni yake, na hakuna anayeweza kuapa itakwisha lini.

Humo ndimo familia zinamoumia. Mkulima aliyeuza pamba mwezi Juni hulipa fedha zote siku ya kusaini. Kisha mke wa muuzaji anajitokeza kupinga. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza.

Mnunuzi makini hupekua kwanza daftari la msajili, hupata ridhaa ya mwenza kwa maandishi, hulipa kwa awamu, na salio hulitoa uhamisho ukisajiliwa. Na kama bado anaishi kwenye nyumba ya kupanga, asitoe notisi kwa mwenye nyumba huyo mapema. Mwezi mmoja wa ziada wa kodi ya pango ni nafuu kuliko vitanda na watoto kulala barazani kwa jirani.