Soma Namba Kabla ya Kununua Kompresa



Leo nasema na ninyi mnaoziba pancha na kujaza upepo, na vikundi vinavyotaka kuanza kazi hiyo. Kompresa nyingi zinazofika kambini hununuliwa Kampala, katika maduka ya vipuri ya Kiseka au kwa mafundi wa Katwe. Safari ni ndefu na fedha ni za kikundi kizima. Basi kabla ya kulipa, inama usome kibati kilichobandikwa kwenye tangi.

Kwanza, fahamu vipimo. Nguvu ya upepo huandikwa kwa namna tatu: bar, psi na MPa. Bar 1 ni karibu psi 14.5, na bar 10 ni MPa 1. Kwa hiyo tangi lililoandikwa bar 8, lingine psi 116 na lingine MPa 0.8 yana nguvu ileile. Usidanganyike kwamba 116 inashinda 8, wala usidharau 0.8.

Pili, mara nyingi kibati kina namba mbili. Ndogo ni ya kazi, kwa mfano bar 8. Kubwa, kwa mfano bar 12, ni ya majaribio: kiwandani tangi hujazwa maji na kusukumwa mpaka hapo ili kuona kama litavumilia. Muuzaji akikutajia ile kubwa, mwambie unataka ya kazi. Hata saa ya upepo inaweza kuwa na namba hadi 12 au 16. Hiyo si ruhusa ya kufika huko.

Je, unahitaji nguvu kiasi gani? Gurudumu la gari dogo hutaka karibu psi 30 hadi 35. La lori huweza kupita psi 100. La pikipiki na baiskeli, soma ubavuni mwa tairi. Upepo hutoka penye nguvu nyingi kwenda penye nguvu kidogo, kwa hiyo lazima tangi lizidi gurudumu. Kompresa ya bar 8 inatosha magari madogo na pikipiki. Kwa lori itajaza polepole sana. Kasi ya kujaza ni jambo jingine, nayo huandikwa kwa lita kwa dakika.

Tatu, jaribu palepale dukani. Iwashe mpaka ijae. Ikifika kipimo chake, ya umeme izime yenyewe. Ya injini ya petroli iache kusukuma upepo ndani ya tangi. Kisha vuta pete ya vali ya usalama: upepo utoke kwa kelele, na ukiachia ukome. Isipofanya hivyo, usinunue. Na ukiwa nayo, usiifunge vali hiyo kwa waya wala kuiziba kwa bolti ili upate nguvu zaidi.

Kwa nini nasisitiza? Chukua tangi lenye upana wa sentimita 30. Likiwa na bar 8, upepo unasukuma kila mfuniko wake kwa uzito unaozidi tani 5. Likipasuka, vipande huruka kama risasi, na wanaokaa karibu na fundi mara nyingi ni watoto.

Adui mkubwa ni maji. Upepo ukibanwa huacha unyevu chini ya tangi, na kutu huanzia ndani usikokuona. Kila jioni toa upepo, kisha fungua koki ya chini maji yatoke. Tangi lililoliwa na kutu halichomelewi kiraka, hata fundi awe hodari vipi. Na lisilo na kibati, ambalo hakuna ajuaye mpaka wake, liacheni hukohuko, hata likiwa la bei nafuu.

Ndugu zangu, namba ile ni mpaka, si shabaha ya kupita. Kompresa iliyo salama italisha kikundi miaka mingi.