Kura Yangu Itasaidia Nini?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Asri)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mlioandamana nao, nimeombwa tuzungumze kwa nini raia wengine hushiriki katika siasa na wengine hujitenga. Najua tumefunga na futari yangojewa, kwa hivyo sitawachosha.

Majuzi nilipanda matatu ya 46 kutoka mjini kurudi huku Kawangware. Kijana aliyekaa kando yangu aliniuliza ninaandika nini. Nikamwambia natayarisha mada juu ya siasa. Akacheka. "Mzee wangu, wote ni wale wale. Kura yangu itasaidia nini?" Tulifika kituoni kabla sijamjibu. Nitamjibu hapa mbele yenu, huenda hata yumo humu.

Kwanza, tusimlaumu. Sisi wazee tu wepesi wa kusema vijana wa siku hizi ni wavivu. Lakini mtu akibisha hodi mara nyingi asifunguliwe, huchoka. Hebu tazameni jirani zetu wa Kibra. Mababu wa Wanubi walifika pale zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakiwa askari wa Mwingereza katika King's African Rifles. Hata hivyo, kwa miaka mingi vitukuu vyao wakitimiza miaka 18 waliitwa mbele ya kamati ya kuchunguzwa kabla ya kupewa kitambulisho. Wapeleke cheti cha babu, wajibu maswali ambayo rafiki yao wa darasa moja hakuulizwa. Na bila kipande huandikishwi kuwa mpiga kura, kazi hupati, benki hufungui akaunti. Kijana aliyeambiwa athibitishe kwamba yeye ni Mkenya, atapata wapi hamu ya kupanga foleni ya kura alfajiri?

Lakini sikilizeni walivyofanya Wanubi. Hawakukaa barazani wakalalamika tu. Kesi ya watoto wao ilipelekwa mbele ya kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto, na Machi 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya imekiuka haki zao. Wakaendelea kudai ardhi, na mwaka 2017 wakakabidhiwa hati ya ekari 288. Ni sehemu ndogo tu ya ardhi waliyotengewa zamani, lakini wangenyamaza wasingepata hata hiyo.

Sababu ya pili ni kuvunjika moyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Wapo mama zetu ambao tangu hapo wakisikia neno kampeni huanza kufungasha virago. Agosti 2017 karibu asilimia 79 ya walioandikishwa walipiga kura. Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, upinzani ukasusia marudio ya Oktoba, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Mwaka 2022 ilikuwa kama asilimia 65, na idadi ya vijana walioandikishwa ilipungua kwa asilimia 5 kuliko 2017, ilhali wa miaka 35 na zaidi waliongezeka.

Sasa nimjibu yule kijana kwa hesabu. Mwaka huo wa 2022 tofauti kati ya mshindi na aliyemfuata ilikuwa kura 233,211. Watu walioandikishwa ambao hawakwenda kupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 7. Ndugu yangu, waliokaa nyumbani walikuwa wengi kuliko kura za mshindi! Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kitupu nacho huwa kitupu kwa haba zilizokosekana.

Sababu ya tatu twaisikia hata misikitini: siasa ni uchafu, Muislamu ajiepushe. Kweli, kuna hongo, kuna matusi, kuna ukabila. Lakini tunayo sura nzima iitwayo Ash-Shura, yaani kushauriana. Na kabla ya Uhud, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliona ni bora kubaki Madina, lakini alishauriana na watu, na vijana waliotaka kutoka wakasikizwa. Nasi wenyewe tulipoona Mahakama ya Kadhi inapigwa vita katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, je, tulisema siasa ni uchafu? Tulitoka, Katiba ikapita kwa asilimia 67, na Kadhi yumo ndani yake, kifungu cha 170.

Kisha ikaja Juni 2024. Kizazi tulichokiita kisichojali kilijaa katikati ya mji kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 vijana waliingia Bungeni. Siku ya pili yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Msikiti wetu wa Jamia ulifunguliwa majeruhi wakatibiwa ndani. Lakini makumi ya wazazi walizika watoto wao katika maandamano ya miezi hiyo. Hilo ndilo linaniuma. Sauti ilisikika, ila kwa damu.

Ndiyo maana nawasihi tuingie mapema. Mswada ule ulifika Bungeni tangu Mei, na kifungu cha 118 chalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Nairobi ina wadi 85, na kila wadi ina mwakilishi wake katika kaunti. Taa za barabarani, mitaro inayofurika hapa Kawangware na Kangemi, basari za watoto wetu, haya yote huamuliwa mikutanoni. Tusipokwenda, wachache waliokwenda huamua kwa niaba yetu, kisha sisi tunalalamika tukiwa kwenye foleni ya mahamri.

Basi Ramadhan hii nawaomba mambo matatu. Mwenye miaka 18 asiye na kitambulisho, baada ya Idi aende kwa chifu, na mzazi amsindikize. Asiende peke yake akarudishwa. Mwenye kitambulisho aandikishwe kura. Na kila familia ijue jina la mwakilishi wa wadi yake, imuulize swali moja, imfuatilie mpaka ajibu.

Kijana wa matatu, kura yako peke yako haitasaidia sana. Njoo nayo, tuziweke pamoja.

Allah azikubali funga zetu. Wabillahi tawfiq.