Daftari la Mzee wa Reli

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wahitimu wa kisomo katika kijiji kimoja kando ya Reli ya Kati, Wilaya ya Kilosa. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuwapo.)





Leo hatukuja na habari za mbolea, wala za vyoo, wala za mikopo. Hizo mmezisikia na mtazisikia tena. Leo tumekuja kuzungumza habari za mtu mmoja aliyestaafu kazi. Mnamjua. Mnamwita Mzee wa Reli. Hapendi jina lake liandikwe gazetini, nasi tunamheshimu. Ametupa ruhusa ya kueleza habari zake, mradi tusitie chumvi.

Tulipomtembelea mara ya kwanza tulimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akainua mkono, kwamba tunyamaze. Sisi hatukusikia kitu. Yeye akasikiliza, akasema, "Huyo wa mizigo. Anapanda kwenda Dodoma, na amebeba vizito." Haukupita muda, kweli, treni ya mizigo ikatokea. Mzee akafungua daftari, akaandika saa. Akahesabu mabehewa kwa ncha ya kalamu, akaandika idadi. Ndipo akatuuliza habari za safari.

Sisi tuliosoma chuo cha ualimu tukatazamana. Tukajiuliza, huyu mzee anamwandikia nani?

KAZI YA MIAKA 37

Reli mnayoiona pale ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ni safari ya kilometa zaidi ya 1,200, na ilijengwa kwa jasho la babu zetu.

Mzee wetu aliajiriwa mwaka 1974 kuwa mtu wa gengi, yaani wale wanaotengeneza njia ya reli. Kazi yake ilikuwa nyundo, sururu na kokoto. Wakati ule shirika lilikuwa la Afrika ya Mashariki nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, likawa Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 ikaja kampuni. Yeye akastaafu mwaka 2011. Mwaka 2017 shirika likarudi tena. Mzee anacheka anaposimulia: "Mwajiri alibadilika jina, nyundo ikabaki ile ile."

Alipoajiriwa hakujua kusoma. Namba za nguzo za kilometa alizitambua kwa macho tu, kama mtu anavyotambua ng'ombe wake. Akaingia kisomo jioni, baada ya kazi. Mwaka 1975 alifanya mtihani ule wa kwanza wa kisomo wa nchi nzima. Neno la kwanza aliloandika bila kusaidiwa, anasema, lilikuwa "reli".

SIKU YAKE SASA

Ndugu zangu, kustaafu ni kugumu. Tumewaona wengi. Mtu ametumikia miaka thelathini, anapewa mkono wa kwaheri, anarudi nyumbani. Mwezi wa kwanza anapumzika. Mwezi wa sita ameanza kuugua, na haijulikani anaumwa nini. Anaumwa kukaa.

Mzee wetu hakukaa. Saa 11 alfajiri ameamka. Anatembea kando ya njia, si juu ya reli, mpaka kwenye kalavati, na kurudi. Halafu anakwenda shamba mpaka jua likiwa kali. Mchana anapumzika mwembeni na daftari lake. Jioni anakwenda stesheni kusikiliza habari.

Na si reli peke yake. Chochote kinachobeba watu kinamhusu. Anajua basi gani limebadilishwa injini, na lori gani linapita na matairi mabovu. Nauli ya pikipiki kwenda mjini anayo daftarini, tangu ilipoanza mpaka ilipofika leo. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimcheka: "Babu, nani anakulipa?" Naye huwajibu, "Na ninyi mnaokesha mkitazama mpira, mnalipwa na nani?"

Mama wa nyumba hiyo naye ana maneno yake. Alituambia, "Wenzangu waume zao wana wake wawili. Wangu ana mimi na reli. Na reli ndiyo mke mkubwa."

SIKU DAFTARI LILIPOFANYA KAZI

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo.

Sisi watu wa Kilosa tunaujua mto Mkondoa. Reli imepita bondeni mwake kwenda Kidete, Godegode na Gulwe. Mvua ikinyesha huko juu, mto unashuka kwa hasira. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Safari zikakatika kwa miezi. Mzee alikuwa bado kazini. Alirudisha kokoto kwa mikono yake, na hakusahau.

Alipostaafu akaanza kuandika maji. Kwenye ukuta wa kalavati alichora mistari ya chokaa. Kila alfajiri ya masika anatazama maji yamefika mstari gani. Anaandika tarehe, anaandika mstari. Baada ya miaka kadhaa daftari likamfundisha jambo: maji yakifika mstari wa tatu, ardhi iliyo chini ya reli huanza kuliwa.

Asubuhi moja ya masika alifika pale. Kijijini hapakuwa na mvua hata tone. Lakini maji yalikuwa mekundu, yamebeba matawi mabichi, na mstari wa tatu umezama. Akainama kutazama. Kokoto zilikuwa zimeporomoka. Mataruma mawili yananing'inia, chini yake hewa tupu.

Mzee wa miaka zaidi ya 70 hawezi kukimbia mpaka stesheni. Alichana karatasi katika daftari. Akaandika namba ya nguzo ya kilometa, akaandika alichokiona, akaandika saa. Akamwita kijana wa bodaboda, mmoja wa wale waliokuwa wakimcheka, akamwambia, "Mpe mkuu wa stesheni mkononi mwake." Kisha mzee akaenda mbali kando ya njia upande mmoja na kitambaa chekundu. Na upande wa pili, mnajua nani alisimama? Mama mwenyewe, na kanga yake nyekundu.

Karatasi ilifika. Treni ya mizigo ilizuiwa stesheni mpaka gengi lilipokuja kutengeneza njia. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata behewa lililoanguka.

Baadaye tulimuuliza kijana yule, je, ungekwenda kwa mdomo tu? Akasema, "Wangeniuliza wapi, lini, nimeona mwenyewe? Ningebabaika. Ile karatasi haikubabaika."

Na mama tulimuuliza, vipi ulikwenda kusimama kwa ajili ya mke mwenzio? Akajibu, "Mwenzangu kaumwa, ningemwacha?"

HESABU YA KUVUKA RELI

Mzee ana somo jingine, ametuomba tuwafikishie.

Sasa tuna reli mbili. Ile ya zamani ina upana wa meta moja. Hii mpya ya umeme ni pana zaidi, na treni zake za abiria zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Mzee alidunduliza pensheni yake, akapanda kutoka Kilosa kwenda Dodoma na mjukuu wake. Safari nzima hakusinzia. Alihesabu mahandaki yote, akayaandika.

Aliporudi alitufanyisha hesabu hii, nasi tuifanye pamoja. Treni ya zamani ikienda kilometa 40 kwa saa, kila sekunde inakwenda meta 11. Ukihesabu polepole moja mpaka kumi, imekwenda meta 110. Treni mpya mwendo wake wa juu ni kilometa 160 kwa saa. Kila sekunde inakwenda meta 44. Hesabu moja mpaka kumi, imekwenda meta 440. Na ikiwa katika mwendo huo, dereva akishika breki, itahitaji zaidi ya kilometa moja kusimama. Treni haina usukani wa kukukwepa.

Kwa hiyo yale mazoea yetu ya kusema, "Aa, bado iko mbali," yaliota wakati wa treni ya polepole. Macho yetu yamezoea treni ile, yatatudanganya kwa hii. Kwenye reli mpya tumewekewa uzio, na njia za kupita juu na chini. Tuzitumie, hata kama ni mzunguko. Anayekata uzio ili mbuzi wapite amefungua mlango wa kaburi. Na zile nyaya za juu zina umeme wa volti 25,000. Usizisogelee kwa mti wala kwa fimbo ndefu. Umeme wa nguvu hiyo unaweza kukurukia kabla hujagusa.

Jambo la mwisho ni vyuma. Wapo wanaong'oa vyuma vya reli kuuza chuma chakavu. Mzee anasema, fedha ya chuma kile hainunui hata gunia la mahindi, lakini inaweza kuzika kijiji.

TULICHELEWA

Ndugu wahitimu, mzee alikuwa na rafiki. Waliajiriwa mwaka mmoja, gengi moja. Rafiki huyo alijua kuliko yeye. Alijua kila kalavati lilijengwa lini, na wapi mto ulipita zamani kabla haujahama. Lakini hakuandika. Alisema, "Yote yamo kichwani."

Mzee alituambia twende kwake. Sisi tukasema tutakwenda, lakini kwanza tumalize ripoti, kwanza tusubiri mafuta ya pikipiki. Tulipofika, tulikuta matanga yamekwisha. Alikuwa amezikwa wiki moja kabla. Mjane wake alitukaribisha uji. Tukauliza kama marehemu aliacha maandishi. Akatuonyesha nyundo.

Kosa lile ni letu, tunalikiri mbele yenu. Ndiyo sababu leo tumekuja na daftari, si na mbolea.

Kila mmoja hapa ana reli yake. Yupo mama anayejua mbegu za mtama zilizokuwa zikistahimili ukame. Yupo mzee anayejua chemchemi zilizokauka, na zilikauka mwaka gani. Mliposoma kisomo hamkusomea kutia sahihi peke yake. Nunua daftari. Anza na tarehe. Andika ulichokiona leo, mistari miwili inatosha. Mwandiko mbaya si kitu, wa mzee wetu nao umepinda kama reli ya Kidete, lakini ulisimamisha treni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni mali.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini karatasi ya mzee iliaminiwa upesi?
2. Katika kijiji chenu, ni nani anajua jambo ambalo halijaandikwa? Nani atakwenda kwake, na siku gani?
3. Watoto wenu wanavuka reli mahali gani? Nendeni pamoja mkapaone.