Fedha za Wakfu na Haki ya Jirani
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka



Kwa idhini yenu twapenda kusema machache juu ya jambo lililoleta mabishano katika Halmashauri mwaka huu. Je, chama chetu kipokee fedha za wakfu wa ng'ambo ili kutetea haki za watu mahakamani, au tubaki na kazi tulizozizoea za kuzika, kulipa karo na kuchimba visima?

Neno wakfu si geni kwetu. Tangu enzi za mababu, mtu wa Pwani aliyejaliwa nyumba au shamba la minazi aliweza kuifunga mali hiyo kwa ajili ya msikiti, kisima au maskini, isiuzwe tena hata na mwanawe. Tena twakumbuka shule za madrasa za watoto wadogo zilizoanza hapa Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na juhudi za Bi. Swafiya Said, zikaenea hadi Unguja na Uganda. Kazi ya namna hiyo haina ugomvi. Kila mfadhili hupenda kupigwa picha na watoto.

Lakini tazameni Owino Uhuru, karibu na Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilianza kazi ubavuni mwa kijiji chenye watu wapatao 3,000. Bi. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo mwaka 2009, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Akaacha kazi, akaanzisha chama cha kutetea mazingira. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, ila sumu haikufungwa nacho.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Tarehe 16 Julai 2020 wanakijiji walishinda, wakaamriwa kulipwa shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikatengua fidia hiyo. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka minane! Na kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya kuandika barua na kuandamana. Hebu tuhesabu vipimo vya damu na udongo, mawakili, nakala za hati, nauli, dhamana ya anayekamatwa. Kijiji cha vibarua kingeyalipa hayo kwa mchango wa harusi? Katiba ya mwaka 2010, katika vifungu vya 42 na 70, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na ruhusa ya kuidai hata kama hakudhurika yeye mwenyewe. Mlango u wazi. Gharama ya kuufikia haikutajwa.

Wazee wetu wa Likoni wamesema kwamba mkono utoao ndio ulio juu, na kwamba mwenye fedha atatuchagulia maneno. Hofu hiyo haikosi msingi. Sisi wenyewe tuliwahi kuomba fedha za choo cha soko, tukapewa semina tatu na fulana. (Fulana zingalipo, kwa anayetaka.) Lakini kukataa fedha zote kwa sababu hiyo ni kumwacha jirani peke yake mbele ya wakili wa tajiri.

Halmashauri yaomba basi masharti ya mfadhili yeyote yasomwe hadharani kwa Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi, wala picha ya mgonjwa isitolewe bila ridhaa yake. Wanachama nao watachanga sehemu, ijapokuwa ndogo, ili tuwe na la kusema tukitaka kukataa.

Nakala za masharti ya mwombaji wa kwanza ziko mezani kwa Bwana Katibu. Kura itapigwa baada ya sala ya Alasiri, na wenzetu wa Kisauni waliochelewa wasubiriwe.