Ethanoli ndani ya Petroli: Faida Yake na Masharti Yake



Jambo nililoitwa kulieleza si geni katika nchi zetu, kwani katika miaka ya 1980 wenye magari wa Nairobi walikuwa wakitia petroli iliyochanganywa na ethanoli ya Muhoroni, iliyopikwa kwa molasi, ule uji mweusi unaosalia kiwandani baada ya sukari kutolewa. Na Malawi, nchi isiyo na bandari, iliingia kazi hiyo mwaka 1982 kwa kiwanda chake cha Dwangwa. Dai langu ni moja tu: ethanoli humfaa zaidi yule ambaye injini yake imetengenezwa kuipokea.

Sifa yake kubwa ni oktani, ambayo kwa ethanoli tupu hupita 105, ilhali petroli tuliyoizoea ni 91 au 95; ndiyo sababu mchanganyiko huo hustahimili kugandamizwa sana pasipo kuwaka kabla ya wakati, nayo injini haigongi hata gari lenye shehena linapopanda kilima. Kadhalika, ethanoli inapogeuka mvuke huvuta joto jingi, hewa iingiayo silindani ikapoa na kuwa nzito. Fundi akiupandisha mgandamizo kutoka 9 kwa 1 hadi 12 kwa 1, kama Wabrazili walivyofanya kwa magari yao ya ethanoli tupu baada ya mpango wao wa mwaka 1975, kila tone hutoa kazi zaidi.

Lakini lita ya ethanoli ina nguvu thuluthi mbili tu za lita ya petroli. Mwenye gari kuukuu, akitia mchanganyiko wa sehemu 10 katika 100 bila kurekebisha kitu, hupungukiwa nguvu kiasi cha 3 katika kila 100, naye atasema kituo kimempunja, simlaumu.

Kuhusu moshi, oksijeni iliyomo ndani ya ethanoli husaidia mwako kutimia, hivyo kaboni monoksaidi hupungua. Bali asetaldehaidi huongezeka, na petroli iliyochanganywa kidogo huwa nyepesi zaidi kuruka juani.

Sasa naomba mwitazame chupa hii. Petroli iliyomo imechanganywa sehemu 10 katika 100, nayo ni safi, mtu aweza kusoma gazeti kwa nyuma yake. Natia vijiko viwili vya maji, natikisa: imefanya ukungu, na taratibu inajitenga matabaka mawili. La chini ni maji yaliyokwisha kuichukua ethanoli. La juu ni petroli iliyopokonywa oktani yake. Na pampu ya gari, mabwana, hunyonya chini ya tangi.

Kwa hiyo, hapa Pwani, kabla ya lita ya kwanza kupelekwa kituoni, naomba kila tangi la ardhini litumbukizwe ufito uliopakwa dawa ya kutambulia maji. Dawa ikigeuka rangi, tangi hilo lisitiwe kitu mpaka limekaushwa.