Somo la Leo: Kupima Kimo cha Bahari

Shikeni kalamu na karatasi.

Ninyi watu wa Pemba mwaijua bahari. Mwajua bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4.

Sasa nawauliza: je, bahari yenyewe inapanda mwaka hata mwaka? Kule Kisiwa Panza maji ya chumvi yameingia katika mashamba ya mpunga. Lakini ni bahari iliyopanda, au ni mikoko iliyokatwa, au ni ufuko uliolika? Jicho peke yake haliwezi kutuambia.

Bahari za dunia sasa hupanda kiasi cha milimita 4 kwa mwaka. Hizo hazifiki urefu wa punje ya mchele! Kwa hiyo hatuna budi kupima kila siku, miaka mingi, kutoka mahali pasipotikisika.

Bandarini Unguja vipimo vilianza kuandikwa mwaka 1984. Vyombo vya namna hiyo ni vya gharama kubwa. Lakini siku hizi viko vyombo vidogo vya bei nafuu. Chombo hufungwa juu ya nguzo ya gati. Hutoa mlio tusioweza kuusikia. Mlio hushuka hadi majini, kisha hurudi kama mwangwi. Maji yakiwa juu, mwangwi hurudi upesi. Yakiwa chini, hukawia. Chombo huupima muda huo, hufanya hesabu, na kupeleka jibu kwa mtandao wa simu. Nguvu yake hutoka katika jua.

Je, chombo hakikosei? Hukosea. Chumvi hukila, na nguzo huweza kulala. Basi hapo anahitajiwa mtu ajuaye kusoma. Kando ya chombo husimamishwa ubao wenye alama za sentimita. Mtu husoma maji yamefika wapi, huandika tarehe, saa na kimo, kisha hulinganisha. Kazi hiyo hata wewe unaiweza.

Faida yake ni nini? Wanakijiji wakitaka kujenga tuta la kuzuia maji, watajua lipande kiasi gani. Tuta fupi ni fedha iliyotupwa baharini.

Hesabu ya leo: Bahari ikipanda milimita 4 kila mwaka, itapanda sentimita ngapi kwa miaka 25? Andikeni jibu, tutalisahihisha katika somo lijalo.

Kwaherini.