Wa Kwanza Kujua Si wa Kwanza Kuambukizwa
Hotuba kwa wanachama wa Bagamoyo na vijiji vyake



Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Leo twasema habari ya maradhi yanayomwingia mtoto kabla hajautambua hata uso wa mama yake, nayo ni virusi vya UKIMWI na kaswende.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walijulikana Kagera mwaka 1983. Siku zile mja mzito aliyeambukizwa hakuwa na la kufanya. Leo sivyo. Pasipo dawa, katika kila watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 mpaka 45 huambukizwa: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa kila siku, na mtoto akapewa zake tangu kuzaliwa, hesabu hiyo yaweza kushuka chini ya 5. Tangu mwaka 2013 Serikali imeagiza kwamba mja mzito akionekana na virusi aanze dawa, tena za maisha. Kaswende nayo, inayoua watoto tumboni, hutibika kwa sindano ya penisilini.

Basi, kama dawa ipo, kwa nini mtoto wetu hata mmoja aambukizwe? Twajibu: njia na aibu.

Mama wa Matipwili au Saadani hana njia kama ya mama wa Bagamoyo mjini. Masika yakianza na mto Wami ukajaa, barabara za udongo huwa tope, na vidonge vikiisha haviwezi kungojewa mpaka kiangazi. Kila kijiji kiweke nauli kidogo, na kimtaje mapema mwenye pikipiki au mtumbwi. Mama naye aombe dawa za kutosha kabla ya mvua.

Aibu ni nzito kuliko tope. Mama hupimwa damu kwa sababu ana mimba, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua. Mume aliyekuwa dago hakupimwa. Akirudi amwita mkewe mleta maradhi, na kumfukuza! Hiyo ni haki gani? Mke anayeogopa kufukuzwa huficha vidonge, huruka siku, na anayelipa ni mtoto.

Wanaume wa Kaole, Mlingotini na Kiwangwa, nendeni kliniki na wake zenu, mpimwe siku moja. Nanyi wakunga na makungwi, mama zetu mnaosikilizwa nyumbani, mwanamke akishika mimba mhimizeni aende mapema, asingoje tumbo liwe kubwa. Mama aliye katika dawa anyonyeshe, miezi 6 ya kwanza maziwa yake tu, bila maji wala uji; na mtoto apimwe akifika wiki 6.

Ndugu zangu, dawa hizi hutolewa bure. Kilichobaki ni nauli, na ulimi wetu kuacha kumhukumu mama. Vyote viwili vimo mikononi mwetu, na vianze kijijini kwako wiki hii.